Kabla ya kusifu ushujaa, tuulize kuhusu mguu

Tarehe 9 Agosti 1941, juu ya kaskazini mwa Ufaransa, rubani Mwingereza Douglas Bader alikuwa anapambana kujinasua kutoka kwenye ndege yake ya kivita, Spitfire iliyopoteza mkia. Ndege ilikuwa inaporomoka. Kiwiliwili chake kilikuwa tayari nje, upepo umekikamata, lakini mguu wa kulia ulinasa chini penye kanyagio za usukani na haukuchomoka. Rubani mwingine yeyote angeshuka na ndege hiyo hadi ardhini. Mguu wa Bader ulikuwa wa bandia, wa aluminiamu, umefungwa mwilini kwa mkanda wa ngozi. Mkanda ukakatika, mguu ukaenda zake na ndege, na Bader akajikuta hewani akiwa na mguu mmoja wa bandia na mwavuli wake.

Alikuwa ameishi karibu miaka kumi bila miguu yake ya kuzaliwa. Desemba 1931, akiwa na umri wa miaka 21, alikuwa akichezesha ndege karibu mno na ardhi katika uwanja wa Woodley, jirani na mji wa Reading, bawa likagusa chini. Madaktari walimkata mguu wa kulia juu ya goti na wa kushoto chini ya goti. Jeshi la Anga la Uingereza likamstaafisha mwaka 1933, naye akaenda kukaa mezani katika kampuni ya mafuta. Vita ilipoanza alibisha hodi tena, akapimwa, akapewa ndege, na kufikia 1941 alikuwa akiongoza vikosi vya ndege za kivita kutoka Tangmere, kusini mwa Uingereza.

Wajerumani waliomkamata waliutafuta ule mguu kwenye mabaki ya ndege, mafundi wao wakaunyoosha, wakamrudishia. Yeye akautumia kutoroka hospitalini Saint-Omer kwa kamba ya mashuka, na akakamatwa tena. Siku zilezile, kwa ruhusa ya Wajerumani wenyewe, ndege ya Uingereza ilipita na kudondosha sanduku lenye mguu wa akiba. Mguu huo nao ulishuka kwa mwavuli.

Kisa cha Bader kimeandikiwa kitabu na kutengenezewa filamu katika miaka ya 1950, na karibu kila mara husimuliwa kama kisa cha moyo mgumu, cha mtu aliyekataa kushindwa. Moyo huo alikuwa nao, hilo halina ubishi. Lakini liko swali ambalo wasimuliaji hulipita haraka, na ndilo linalopaswa kutushughulisha sisi wa Afrika Mashariki leo: ule mguu aliutengeneza nani, na kwa nini ulikuwa mwepesi kiasi kile?

Jibu linaanzia mwaka 1913 katika uwanja wa ndege wa Hendon, London. Marcel Desoutter, kijana aliyejipatia jina kwa maonyesho ya urubani, alianguka na ndege yake, akakatwa mguu. Miguu ya bandia ya zama zile ilikuwa ya mbao na ilikuwa mizito. Ndugu yake Charles, aliyekuwa na ujuzi wa uhandisi, alichukua duralumini, mchanganyiko mwepesi wa aluminiamu, akamtengenezea mguu ambao mtu angeweza kuukanyagia usukani wa ndege. Mwaka uliofuata Marcel alikuwa angani tena. Ndugu hao wakafungua karakana, na Vita Kuu ya Kwanza, iliyoacha maelfu ya askari bila viungo, ikawapa kazi ya kutosha. Bader alipofika kwao miaka ya 1930, alikuta mafundi ambao tayari walijua maana ya mteja anayesema kwamba anataka kurudi kwenye ndege.

Mguu mwepesi wa metali, basi, ulibuniwa kwa sababu kijana mmoja alitaka kuruka. Hakuna aliyekaa karakanani akasema tutengeneze kitu cha kumfikisha mgonjwa chooni bila kushikwa mkono. Na hata hivyo, wengi mno wamefika chooni bila kushikwa mkono kwa sababu ya mguu ule. Hoja ya makala haya imesimama hapo. Tunapomwona mtu mwenye mguu wa bandia akiruka kutoka kwenye ndege, tunapiga makofi kwa ajili ya ujasiri wake, kisha tunafunga gazeti. Tungeutazama mguu wenyewe, tungejifunza zaidi, na pengine tungeona aibu kidogo.

Mfano wa karibu zaidi na zama zetu ni wa Dana Bowman. Februari 1994, sajenti huyo wa Golden Knights, kikosi cha maonyesho ya miavuli cha Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, alikuwa mazoezini Yuma, jimbo la Arizona, pamoja na mwenzake Jose Aguillon. Katika zoezi lao warukaji wawili hutoka kwenye ndege pamoja, huachana hadi wawe mbali, kisha hugeuka, hukimbiliana na kupishana angani huku moshi ukichora njia nyuma yao. Siku hiyo hawakupishana. Waligongana kwa kasi ya pamoja inayokadiriwa kuwa kilomita 480 kwa saa. Aguillon alifariki. Bowman alikatika miguu yote miwili hukohuko juu, mmoja juu ya goti na mwingine chini yake.

Miezi tisa baadaye alijiandikisha upya jeshini, na kwenye sherehe ya kula kiapo alifika kwa mwavuli. Anatajwa kuwa mtu wa kwanza katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kuandikishwa tena baada ya kukatwa miguu yote miwili. Baadaye alisomea urubani katika Chuo Kikuu cha North Dakota, na kwa miaka mingi amekuwa akiruka pamoja na askari na raia wenye ulemavu wanaotaka kuionja anga.

Hiyo miezi tisa tuikokotoe. Ndani yake mna upasuaji, vidonda kupona, uvimbe wa vigutu kushuka, miguu ya kwanza kutengenezwa, kuvunjwa na kutengenezwa upya kwa sababu kigutu kinasinyaa kila wiki, na mazoezi ya kusimama, ya kutembea, ya kuanguka na kuinuka. Bowman alikuwa askari, kwa hiyo hakuulizwa kila hatua kama ana fedha. Na palikuwa na makamanda waliokubali kusikiliza alipoomba kurudi, wakamruhusu apande ndege. Ujasiri ulikuwa wake. Mengine yote yalikuwa kazi ya watu wengine, iliyopangwa na kulipiwa kabla yeye hajaumia.

Anayetazama kutoka chini huona mtu anaelea tu. Huko juu mambo ni tofauti. Ndege hupanda hadi kiasi cha mita 4,000. Mrukaji akishatoka, sekunde kumi na kitu zinatosha kumfikisha kwenye kasi ya karibu kilomita 200 kwa saa, na hubaki katika kasi hiyo hadi afungue mwavuli, jumla yake ikiwa kama dakika moja hivi. Kwa kasi hiyo hewa ina nguvu ya kumgeuza mtu. Mrukaji hulala kifudifudi, magoti yamekunjwa kidogo, na kuitumia miundi yake kuongozea: akinyoosha miguu anasonga mbele, akiikunja sana anarudi kinyumenyume, mguu mmoja ukishuka kuliko mwenzake mwili wote unaanza kuzunguka. Mzunguko usiodhibitiwa ni hatari, kwa sababu mwavuli ukifunguka hapo kamba zinaweza kusokotana.

Sasa tuufikirie mguu wa bandia katika hali hiyo. Hauna misuli ya kushindana na upepo, na goti lake likiwa legevu hewa hulikunja inavyotaka. Uzito wake si sawa na wa mguu wa upande wa pili. Kisha lipo suala la mshiko. Miguu mingi ya kisasa hushikana na kigutu kwa soksi nzito ya silikoni yenye pini chini yake, au kwa kunyonya hewa ndani ya soketi, yaani kile kikombe kinachopokea kigutu. Kwenye mita 4,000 shinikizo la hewa ni kama asilimia 60 ya lile la pwani, kwa hiyo mshiko wa kunyonya hewa haubaki na nguvu uliyokuwa nayo chini. Jasho nalo linatelezesha, na kigutu chenyewe hubadilika unene kutoka asubuhi hadi jioni. Ndiyo sababu mrukaji huongeza mikanda, huvaa suruali ya kurukia juu yake, na hakikisho la mwisho ni kamba ya kuuzuia mguu usiondoke hata mshiko ukiachia. Mguu wa kilo tatu ukidondoka kutoka huko unaweza kumuua aliye chini.

Kutua ni mtihani mwingine. Mwenye nyayo zake husikia ardhi, akakimbia hatua mbili tatu, akasimama. Unyayo wa bandia hauleti habari yoyote kutoka chini, na goti likikunjika wakati usiofaa mtu huenda kwa uso. Wengine huchagua kutua kwa makalio, wakiteleza kwenye nyasi miguu ikiwa juu. Wengine huiacha miguu ya bandia uwanjani na kupanda ndege bila hiyo. Alistair Hodgson, askari wa zamani wa kikosi cha miavuli cha Uingereza aliyepoteza miguu yote miwili kwa bomu huko Ireland ya Kaskazini mwaka 1991, alifikisha maelfu ya miruko. Kwa anayeanza, kazi ni nyepesi zaidi: hufungwa kifuani mwa mwalimu, na anachodaiwa ni kuinua miguu wakati wa kutua, asiyeweza kuiinua hufungiwa mikanda ya kumwinulia. Miruko ya namna hiyo ya watu wawili inafanyika hata Diani, pwani ya kusini ya Kenya, juu ya Bahari ya Hindi.

Hapa msomaji ana haki ya kusimama na kuhoji. Kijana wa bodaboda aliyekatwa mguu Mbagala, au mama wa Kisumu ambaye kisukari kimemla unyayo, wana habari gani na kuruka kutoka kwenye ndege? Mruko mmoja hugharimu mamia ya dola. Watu hawana hata magongo.

Ni kweli hawana. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba mtu mmoja tu kati ya kumi wanaohitaji vifaa saidizi ndiye anayevipata. Ripoti ambayo shirika hilo lilitoa pamoja na UNICEF mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaopata ni kama asilimia 3 tu ya wanaohitaji, ilhali katika baadhi ya nchi tajiri ni asilimia 90. Katika hospitali zetu ajali za barabarani, za bodaboda zikiwa nyingi mno, na vidonda vya kisukari vinaendelea kuwapeleka watu kwenye meza ya kukatwa viungo. Mashariki mwa Kongo kuna risasi na mabomu juu ya hayo.

Lakini hitimisho linalotolewa kutokana na ukweli huo mara nyingi ni la makosa. Husemwa: kwa kuwa wengi hawana chochote, basi kitolewe chochote. Mguu wowote, wa saizi ya kukadiria, ili mradi mtu asimame mbele ya kamera. Historia ya miguu ya bandia haiungi mkono fikra hiyo hata kidogo. Kila hatua kubwa iliyopigwa ilitokana na mtu kuuliza mwenye mguu atafanya nao nini.

Van Phillips, Mmarekani, alikatika mguu chini ya goti mwaka 1976 akiwa kijana anayeteleza juu ya maji nyuma ya boti. Alipewa unyayo wa mbao na mpira, akaambiwa auzoee. Yeye alitaka kukimbia. Akaenda kusomea viungo bandia, na kufikia 1984 alikuwa ameanza kuuza unyayo wa nyuzi za kaboni unaopinda mtu anapoukanyaga na kumrudishia msukumo anapouinua. Nyayo za wanariadha tunazoziona kwenye Paralimpiki zimetokana na kazi hiyo, lakini walio wengi wanaotumia unyayo wa aina hiyo hawashindani na mtu; wanakwenda kazini na kurudi.

Upande mwingine wa dunia, mwaka 1968, fundi wa sanaa Ram Chander Sharma na daktari wa mifupa P. K. Sethi walikuwa wanahangaika na jambo jingine kabisa katika mji wa Jaipur, India. Wagonjwa wao walikuwa wanapewa nyayo za Kizungu zinazohitaji kiatu, wakati wenyewe ni wakulima wanaotembea peku kwenye matope, wanaochuchumaa, wanaokaa chini kwa kukunja miguu. Wengi walizivua wakazitupa pembeni. Sharma na Sethi wakatengeneza unyayo wa mpira unaofanana na unyayo wa mtu, unaopinda kila upande, usioogopa maji, na wa bei ndogo. Mguu wa Jaipur umefika nchi nyingi, Kenya ikiwamo.

Unyayo wa kaboni na unyayo wa mpira hazifanani kwa lolote isipokuwa hilo swali. Na swali hilo kwetu lina majibu yake. Chukua suala la msikitini. Unyayo wa bandia hupangwa kwa urefu maalumu wa kisigino cha kiatu. Mtu akivua viatu mlangoni, kisigino chake kinashuka, goti linasukumwa nyuma, na kila hatua juu ya mkeka inakuwa ya kupanda mlima. Akitaka kusujudu, goti la bandia linapaswa kukunjika vya kutosha na kuachia vizuri anapoinuka. Akitaka kutawadha, kuna suala la maji. Mtu wa Tanga, Lamu au Unguja ambaye fundi hakumuuliza habari ya msikiti atapewa mguu unaomfaa kutoka nyumbani hadi barazani, kisha atalazimika kuswali kwenye kiti maisha yake yote, wakati huenda kazi ya saa chache karakanani ingempa njia nyingine. Choo cha kuchuchumaa kina hesabu yake. Ngazi ya daladala ina hesabu yake, na konda hasubiri. Shamba la mpunga Kilombero lina hesabu yake, na mguu wenye pini ya chuma hautapenda matope yale.

Mafundi wanaojua kuzifanya hesabu hizo wapo, na baadhi yao wamefundishwa hapahapa. Moshi, ndani ya eneo la Hospitali ya KCMC, kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia kinachoitwa TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa msaada wa Ujerumani, ambacho kimekuwa kikipokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kazi wanayojifunza ni ya mikono na macho. Fundi hukivalisha kigutu soksi nyembamba, akachora kwa kalamu sehemu zinazovumilia uzito na zisizovumilia: ncha ya mfupa, kichwa cha mfupa mwembamba wa pembeni, kovu. Huzungushia bendeji ya plasta iliyolowa, na kabla haijakauka hukandamiza kwa vidole gumba pande zote mbili za kano iliyo chini ya pia ya goti, maana hapo ndipo mwili unaweza kukaa bila kuumia. Ganda hilo likikauka hujazwa plasta, nayo huchongwa kwa milimita. Kisha bamba la polipropilini, plastiki ambayo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imeeneza matumizi yake katika nchi maskini, hutolewa kwenye oveni likiwa laini kabisa na kulazwa juu ya sanamu hiyo, na pampu hunyonya hewa ili lishike umbo.

Akikosea milimita chache, ngozi itachubuka ndani ya wiki moja, na mguu utaishia uvunguni mwa kitanda.

Kutoka chuoni hapo, siku isiyo na mawingu, Kilimanjaro unaonekana wazi. Juni 2012 Mmarekani Spencer West, aliyekatwa miguu yote miwili akiwa mtoto, alifika kileleni akitembea sehemu kubwa ya njia kwa mikono. Mwaka 2017 mlima huohuo ulipandwa na Kirstie Ennis, askari wa zamani wa Marekani aliyeanguka na helikopta Afghanistan mwaka 2012 na hatimaye kukatwa mguu wa kushoto juu ya goti. Wote wawili wanastahili heshima waliyopewa, na wapagazi na waongozaji wa Kitanzania waliowasindikiza wanastahili yao. Kinachouma ni kwamba Mtanzania aliyekatwa mguu Hai au Rombo, anayeuona mlima huo kila akifungua mlango, anaweza kusubiri mwaka mzima kupata mguu wa kumfikisha sokoni, ilhali mafundi wanasomea umbali mfupi kutoka kwake. Kinachokosekana ni vifaa, ajira za mafundi hao katika hospitali za mikoa na wilaya, na utaratibu wa kulipia.

Hafla za kugawa miguu haziwezi kuziba pengo hilo. Mguu wa mtu mzima hudumu miaka michache tu, na wa mtoto huwa mfupi kabla ya mwaka kwisha kwa sababu mtoto anakua. Soketi hulegea, skrubu hukatika, soksi ya silikoni huchanika. Mtu aliyepokea mguu kwa shangwe kwenye viwanja vya mji mkuu akirudi kijijini na skrubu moja ikakatika, karakana ya karibu inaweza kuwa safari ya siku nzima kwa basi. Wafadhili wameondoka, wapiga picha wameondoka. Yeye anarudi kwenye magongo, na majirani wanasema hakuutaka mguu.

Jamii nayo ina sehemu yake, na inafaa isemwe bila kuuma maneno. Familia zetu humpenda mgonjwa kwa kumkalisha. "Pumzika, mwanangu, usijichoshe," huambiwa kijana wa miaka 22, na anapumzika hadi anafika 40. Waajiri huandika kwenye matangazo kwamba hawabagui, halafu wanamwona mtu anachechemea mlangoni na nafasi inakuwa imeshajazwa. Bader alirudishwa kazini kwa sababu alipimwa juu ya kile anachoweza kukifanya: alipewa ndege, akairusha mbele ya wapimaji, wakaridhika. Jaribio la aina hiyo halina gharama yoyote, na mwajiri yeyote wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam anaweza kulifanya kesho asubuhi.

Serikali zetu haziwezi kusema hazikujua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu uliridhiwa na Kenya, Uganda na Rwanda mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, na Tanzania ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Kifungu cha 20 cha mkataba huo kinazungumzia mtu kuweza kwenda anakotaka kwa gharama anayoimudu. Kifungu cha 26 kinahusu utengamao. Kifungu cha 30, ambacho hutajwa mara chache sana majukwaani, kinahusu burudani na michezo, na kimewekwa palepale pamoja na vingine bila kuambiwa kisubiri hadi vingine vitimie. Waliouandika mkataba walielewa kwamba mtu aliyekatwa mguu anataka pia kuogelea Coco Beach na kucheza mpira na wanawe, na akitaka, kuruka kutoka kwenye ndege juu ya Diani.

Hotuba za bajeti katika nchi zetu husomwa mwezi Juni, na wabunge wana muda wa kujiandaa. Yapo mambo matatu ambayo mbunge yeyote anaweza kuyauliza na kudai ajibiwe kwa tarakimu: ni hospitali ngapi za mikoa au kaunti zenye karakana ya viungo bandia inayofanya kazi leo, ni mafundi wangapi waliohitimu ambao hawajaajiriwa, na kama bima ya afya ya taifa inalipia mguu wa kwanza peke yake au pia soketi ya pili, matengenezo na mguu wa mtoto kila anapourefukia. Majibu ya maswali hayo yachapishwe magazetini, wizara kwa wizara, na mwaka unaofuata yaulizwe tena.